Kabla Hujamsifu Jogoo, Mhesabu Vidole

Jumamosi iliyopita nilipanda tuktuk kutoka maonyesho ya kuku kurudi Mtopanga, tenga mapajani, na ndani ya tenga jogoo wangu Sultani anawika kama aliyeshinda. Hakushinda. Jaji alimtoa mezani kabla hajamtazama upanga wa kichwani, kabla hajampuliza manyoya aone ngozi, kabla hajaona ile kazi ya siku tatu niliyomfanyia. Alimshika chini ya kifua, akamlaza kwenye mkono, akafunua manyoya ya miguuni, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mguu wa pili: moja, mbili, tatu, nne. Akarudia. Nne.

"Dada, huyu ni silki wa upande mmoja," akaniambia.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Nililia baadaye, nyuma ya hema la maji.

Kwa asiyejua, silki ni kuku mwenye asili ya China. Manyoya yake hayashikani kama ya kuku wengine, yamekaa kama sufi iliyotoka kwenye mto. Marco Polo, karne ya 13, alisimulia habari za kuku wenye nywele kama za paka, na wengi huamini ndio hawa. Ngozi nyeusi, mifupa myeusi, upanga wa rangi ya zambarau iliyoiva, na vidole vitano kila mguu, pale kuku wa kawaida ana vinne. Marekani humhesabu moja kwa moja kuwa bantamu, yaani kuku wa umbo dogo, jina lililotoka bandari ya Banten kule Java. Uingereza wana silki wakubwa na silki wadogo. Sisi huku tunawaita wote kuku wa mapambo, maisha yanaendelea. Lakini kidole cha tano hakina mjadala popote.

Sasa mtaniuliza, umekaa na jogoo miaka miwili hujui ana vidole vingapi? Sikujua. Silki ana manyoya mpaka miguuni, ukimtazama kwa juu unaona soksi tu. Huo ndio utetezi wangu, na mtaona mbele kwamba hauna nguvu.

Niliwaona kuku hawa mara ya kwanza Nyali, nilipompelekea mteja buibui lake. Uani kwake kulikuwa na kitu cheupe kinatembea, nikadhani ni pamba inapeperushwa na upepo. Kikageuka, kikanitazama. Nimekwisha. Wiki ile ile nikaelekezwa kwa ami mmoja anayefuga, nikanunua jogoo na matetea wawili, shilingi 9,000, pesa niliyokuwa nimeiweka ya kutengeneza cherehani ya ovaloki. Mume wangu hadi leo anajua ni elfu tatu. Kama anasoma hapa, basi leo ndiyo siku yake.

Mavyaa wangu alitoka barazani, akamwinua tetea mmoja, akampima kwa mkono kama anayenunua nyanya. "Mwanangu, hiki ukikichinja kinajaza nini? Hata sambusa hakijazi."

Miezi sita ya mwanzo sina la kusimulia. Walikula, walilala, walichafua.

Kisha ikaingia kaskazi. Banda langu nilikuwa nimeezeka mabati, kwa sababu nilitaka lionekane la kisasa. Mwezi wa Februari, saa nane mchana, ukiingia mle unahisi umefunikwa na sufuria. Kuku hatoi jasho, joto lake hulitoa kwa kuhema, na silki ana lile koti lake la sufi. Nilikuwa kibandani kwangu nashona. Niliporudi, tetea mmoja amelala ubavu, mdomo wazi, mabawa ameyaachia. Mwingine nilimwahi, nikamtia miguu kwenye maji ya baridi. Kesho yake mabati yakashuka, makuti yakapanda. Kwa hiyo ushauri wangu ni makuti. Pia maji yawekwe kivulini na yabadilishwe mchana, na maganda ya tikiti msitupe, wapeni. Lakini kwanza makuti.

Baada ya joto, kunguru. Mwenyeji wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Ndege hawa si wa hapa, waliletwa Zanzibar kutoka India zamani za wakoloni, wakaenea pwani nzima, na leo wanaishi mjini kuliko sisi. Kifaranga wa kawaida ni mdogo. Kifaranga wa bantamu ni tonge moja. Nilipoteza watatu asubuhi moja, kati ya kuchemsha chai na kuinywa. Niliyemwona kwa macho yangu alikuwa amesimama juu ya ukuta, ameshikilia kimwili cheupe kwa mguu, ananitazama bila haya. Sasa uwanja wote wa vifaranga nimeufunika wavu wa kuvulia uliochakaa, niliouomba kwa wavuvi. Tundu zake ziwe ndogo, kunguru ana mdomo mrefu.

Magonjwa sitaki kuyaandika kirefu, yananichosha. Chanjo ya kideri huuzwa kwa chupa ya kuku wengi, mia na zaidi, na wewe una saba. Usiiache kwa sababu hiyo. Sisi majirani watano tunachanga, mmoja anaifuata kwa agroveti na thamosi ya barafu, tunachanja wote siku hiyo hiyo maana ikishachanganywa haikai. Ndui nayo huletwa na mbu, na mbu tunao. Mwaga maji yaliyotuama, chanja kwenye bawa. Basi.

Tuje kwenye maonyesho, ndiyo yaliyonileta.

Miezi miwili kabla, nilimtoa Sultani juani. Jua letu humgeuza kuku mweupe akawa rangi ya chai ya maziwa, na hakuna sabuni inayoirudisha. Mahindi ya njano pia nikayasimamisha. Kila jioni mwanangu wa mwisho alimweka kwenye tundu dogo juu ya meza, akamgusagusa kwa kijiti, azoee kushikwa na kutazamwa na mtu asiyemjua. Jogoo asiyezoea hujikunyata pembeni, na jaji hahangaiki naye.

Siku ya Alhamisi nikamwogesha. Mabeseni matatu uani. La kwanza maji vuguvugu na shampuu ya watoto, la pili maji na kijiko cha siki kuondoa sabuni, la tatu maji matupu. Unambana mabawa kwa kiganja, unamshusha taratibu, kichwa hukizamishi, na unasugua kufuata manyoya yanavyolala. Dakika ya kwanza alinipigapiga mpaka nikalowa kifua. Dakika ya tatu akafumba macho, akalegea kama bi harusi anayesingwa. Nikamkausha kwa draya ya saluni ya jirani, kwa moto mdogo, maana silki akilowa halowi nje tu, maji humfika mwilini. Alipokauka alikuwa mara mbili ya alivyokuwa. Mavyaa mwenyewe alisema, "Hm." Kwake hiyo ni kasida nzima.

Kisha nikampaka mafuta ya nazi kidogo kwenye upanga na miguu. Na kabla ya mafuta, nilichukua mswaki wa zamani nikamsugua vidole, kimoja kimoja, katikati ya kila kucha.

Ndiyo. Nilivipiga mswaki. Sikuvihesabu.

Aliyeshinda ni jogoo mweusi wa aina ya Pekin, mviringo kama birika, wa mtoto wa shule ya msingi. Nilikwenda kumpongeza kwa shingo upande, sitawadanganya. Nikamuuliza alijuaje kwamba kuku wake hana kasoro. Akanitolea daftari la mistari. Kila Jumapili anampima uzito, anamtazama mdomo, anahesabu kucha. Kila Jumapili! Mtoto wa watu hata hajaota ndevu.

Usiku ule ule nikampigia yule ami aliyeniuzia. Nilikuwa nimejipanga, nina hotuba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuuzia kuku. Sikukuuzia vidole." Akakata.

Nimezungumza tangu siku hiyo na mzee mmoja mfugaji wa miaka mingi, tuliyekuwa naye meza za karibu. Akanieleza kwamba kidole cha tano ni sifa yenye nguvu kwenye damu ya silki, lakini haijitokezi sawasawa kwa kila mmoja. Hata wazazi safi huweza kutoa kifaranga mwenye vidole pungufu mguu mmoja. Kwa hiyo huenda ami hakuniibia. Nimelielewa hilo vizuri. Sijamsamehe.

Na nyinyi mnaoniandikia "dada nataka kuanza, nianze na wangapi", nawajibu hapa wote pamoja. Mnapenda picha. Mnaona kuku mweupe kwenye simu, mnatuma pesa, kuku analetwa kwenye boksi usiku, asubuhi mnaanza kuomba ushauri. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nanyi hata huo mguu hamuutazami. Nendeni mkamwone kuku kwa mikono yenu. Puliza manyoya ya kifua uone ngozi nyeusi. Tazama upanga, silki hana upanga wa meno meno kama jogoo wa kienyeji. Akiwa nao kuna mchanganyiko. Angalia magamba ya miguu, yakiwa yamenyanyuka na unga mweupe chini yake, kuna utitiri. Na hesabu vidole, miguu yote miwili, mbele ya muuzaji, kwa sauti. Akikasirika, ondoka.

Na msifuge kwa sifa. Viumbe hawa ni amana. Siku ya Kiyama hutaulizwa cheti ulikitundika wapi, utaulizwa maji uliwapa saa ngapi. Nasema haya nikijisemea mwenyewe kwanza, maana kuna wiki nilimwogesha Sultani mara mbili na matetea wanakunywa maji ya jana.

Sultani simuuzi, acheni kuulizia. Wala sitamchinja, ingawa kuna mtu hapa nyumbani kaleta hoja hiyo kwa mara ya tatu. Nimemwachia matetea wake, na mmoja, yule niliyemwahi siku ya joto, alikuwa ameatamia mayai saba tangu kabla ya mashindano. Tetea wa silki akikaa juu ya mayai hata umwekee jiwe ataliatamia. Juzi usiku, siku ya 21, tukasikia vilio.

Mavyaa hakulala. Alikuja na simu yake, taa imewashwa, akachuchumaa kwenye banda na kanga yake ya kulalia, na mimi nikawa namtolea kifaranga mmoja mmoja chini ya bawa la mama yake. Anamgeuza, anamhesabia kidole kwa kidole huku midomo ikicheza kama anayevuta uradi. Wa kwanza tano na tano. Wa pili tano na tano. Wa tatu nne na tano, akanitazama, hakusema. Wa nne akamshika muda mrefu, akamsogeza kwenye taa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "huyu ana sita."