Jibu: Mtoto tuliyemwasili anamkimbilia kila mgeni, je, atatupenda?

Hongera kwa malezi, dada. Umeuliza kama binti mliyemwasili kutoka kituo cha kulelea watoto akiwa na miaka 3 atawapenda kweli, maana kila mgeni anayeingia anamrukia, anataka kupakatwa.

Usikate tamaa. Watafiti Barbara Tizard na Jill Hodges waliwafuatilia watoto waliolelewa vituoni Uingereza hadi wakafika miaka 16. Chakula na midoli vilikuwepo, ila walezi walizuiwa kuwazoea watoto mno. Kufikia miaka 4 mtoto alikuwa ameshapita kwa walezi 50 hivi. Hata hivyo, wengi wa walioasiliwa walishikamana na wazazi wapya kama watoto wengine tu! Waliorudishwa kwa wazazi waliowazaa ndio waliosumbuka zaidi nyumbani. Damu peke yake haikutosha.

Ugumu ulibaki katika kuelewana na watoto wa rika lao. Walioasiliwa na waliorudishwa, wote walipenda kumganda mwalimu, na wachache walikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana. Mimi ningetia nguvu huko: mwalikeni mtoto wa jirani, yule yule, kila wiki. Wageni nao wamsalimie tu. Kumpakata, kumlisha na kumbembeleza akilia iwe kazi yenu wawili kwa sasa.