Ufa wa chasi unaorudi

Kaka, ufa wa chasi ya Fuso yako umerudi baada ya wiki mbili kwa sababu ulifunikwa tu. Fuata ufa mpaka unapoishia, toboa tundu la milimita 5 hapo. Bila tundu hilo ufa utaendelea kutambaa chini ya kiraka cha chuma. Kisha saga mfereji wa V, uchomelee kwa bageti (vijiti vya kuchomelea) za aina ya 7018 zilizokauka kabisa. Hapa Goma, karibu na ziwa, pakiti ikishafunguliwa bageti hunyonya unyevu haraka. Ncha za kiraka zikatwe mshazari, zisiwe mraba. Chomoa betri kwanza, na waya wa masi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea) ubanwe karibu na kazi, umeme usije ukaunguza beringi. Tafadhali usipakie mzigo kabla ya kukagua na upande wa pili wa chasi.