Kabla hujauliza "FL au Cubase", niambie kwanza unarekodi nini

Swali hili naulizwa sana, "kaka nitumie programu gani ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta, FL Studio au Cubase?" na kabla sijajibu namrudishia muulizaji swali, unarekodi nini na kompyuta yako ina RAM ngapi. Wengi hapo wananyamaza. Maana programu ya muziki tunaichagua kama tunavyochagua timu, umekuta bro mtaani anashabikia basi na wewe humohumo, hujajiuliza kama kazi yako na yake ni moja.

Mimi nilianza na FL Studio mwaka 2014 na sitaisema vibaya. Kwa kutengeneza biti ni rahisi mno, unabonyeza viboksi vyako vya ngoma, kiki na sneya, unachora melodi kwa mausi, ndani ya nusu saa una kitu watu wanatikisa kichwa. Ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, jina lenyewe linakwambia ilizaliwa kwa ajili ya kuzungusha lupu, yaani vipande vya muziki vinavyojirudia, mambo ya kurekodi sauti yalikuja baadaye. Na ukiinunua kihalali unapata matoleo mapya bure maisha yako yote, hiyo wamewapiga bao wengi.

Ila yangu ilikuwa ya kuvunjwa, yaani kopi ya wizi isiyo na leseni. Niliwekewa na kijana wa duka la muvi kwa elfu tano, akaniambia nizime antivairasi kwanza "ndo iingie vizuri". Iliingia vizuri na vingine vikaingia nayo, baada ya miezi kadhaa nawasha laptop mafaili yote yamebadilika majina na kuna ujumbe wa Kiingereza unadai hela. Nyimbo sita za kwaya zikaenda, na zile nilikuwa nimeshachukua advansi. Kwaio kopi za kuvunjwa za namna ile siku hizi sizigusi, na sio kwa ucha Mungu, ni hesabu tu.

Sasa kazi iliyonibadilisha ni kwaya yenyewe. Tulirekodi kanisani, watu 22, maiki mbili mbele yao, kinanda nimekiingiza kwa waya wake. Tukaimba mara tatu. Mara ya tatu ndo ilikuwa tamu kuliko zote, sauti zimekaa, besi wameshuka mpaka unaisikia kifuani, alafu ubeti wa pili katikati ya neno jogoo wa jirani akawika. Sio mbali, hapo hapo dirishani.

Hapa ndo utajua programu yako ni ya nini. Kwenye FL kile kipande ningekikata, ningekihamisha, ningehangaika kukioanisha na cha mara ya pili, kinafanyika ila unatoka jasho. Wakati huo nilikuwa nimeanza kujaribu programu nyingine inaitwa Reaper, na yenyewe ukirekodi tena juu ya traki ileile (mstari wa sauti moja) haifuti ya kwanza, zinapangwa moja chini ya nyingine kama matabaka ya chapati. Unaweka mstari kabla ya jogoo, unabonyeza S inakata, unaweka baada ya jogoo, S tena, alafu kwenye kile kipande unagusa cha mara ya pili basi. Maungio inayalainisha yenyewe. Kitu cha kuzingatia, kama una maiki mbili uzifunge pamoja kwanza, chagua vipande vyote alafu G, ili ukikata kimoja na mwenzake akatike hapohapo, ukikata kimoja tu utasikia kwaya kama imehama chumba. Nilitumia dakika 5. Mwalimu wa kwaya mpaka leo hajui jogoo alikuwa wapi.

Kingine kilichonivuta ni uzito wake, faili la kusakinisha halifiki hata MB 30, bando la siku linatosha na chenji inabaki, na kwenye laptop yangu ya RAM GB 4 ilikuwa inakimbia kama haijabeba kitu. Unaijaribu siku 60 bila kukatwa chochote, leseni ni dola 60 kwa sisi wa studio ndogo. Linganisha na majaribio ya FL, unasevu projekti yako vizuri lakini ukifunga huwezi kuifungua tena mpaka ununue, kuna watu wamelia kwa hilo. Ubaya wa Reaper nao upo, sura yake ni kama programu ya uhasibu, na haiji na vinanda wala ngoma za maana, ukitaka biti utatafuta plagini (vyombo na efekti za kuongezea) zako mwenyewe. Kama wewe ni mtu wa biti tu, baki FL, usinisikilize.

Audacity je? Hiyo ya bure kabisa, na kwa mahubiri, matangazo, kusafisha faili moja lenye mvumo wa feni, siachi kuitumia. Unaionyesha sekunde mbili tatu za ukimya wenye ule mvumo, inaukariri, alafu unaiambia itoe kote. Usizidishe tu, mtu ataanza kuongea kama yuko ndani ya ndoo. Zamani efekti ikishaingia imeingia, ila kuanzia toleo la 3.2 la mwaka 2022 baadhi ya efekti unaweza kuziwasha na kuzizima huku unasikiliza. Kumix (kuchanganya sauti za) nyimbo ya traki 20 humo mi siwezi bana.

Logic ni nzuri lakini lazima uwe na Mac au iPad, kama huna hiyo mada imeisha. Cubase na Pro Tools utazikuta studio kubwa, na watu wanakwambia ujifunze hizo ili kazi zako zifunguke huko. Sio lazima. Projekti ya programu moja haifunguki kwenye nyingine hata hivyo, unachotuma ni mafaili ya sauti, WAV, ya kila traki, zote zianzie sekunde sifuri hata kama mtu anaimba kiitikio tu, wao wanazipanga na kuendelea.

Na usilaumu programu kwa sauti kuchelewa kwenye hedifoni. Hiyo ni bafa, kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kwanza kabla ya kukitoa. Ikiwa sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 12 kwenda tu, bado kurudi, mwimbaji anachanganyikiwa. Ukirekodi shusha mpaka 128 kama mashine inavumilia, ukimix pandisha 1024. Windows bila saundikadi ya nje, weka draiva ya ASIO4ALL, ni ya bure.

La mwisho, kwenye Reaper ukisevu mara ya kwanza kuna kiboksi cha kukopi sauti zote ziingie kwenye folda ya projekti, kiweke tiki. Mimi sikuweka, nikahamisha projekti kwa flashi kwenda laptop mpya, ile ya zamani nikaifuta na kuiuza. Nafungua, traki zote zipo na majina yake, hazina sauti hata moja. Mwimbaji wa solo wa ile nyimbo alikuwa ameshahamia Songea kikazi, akairudia kwa simu akiwa ndani ya kabati la nguo, na ndo hiyo iko kwenye albamu.