Muulize Shangazi Kompyuta: watu wa kuitunza desktopu ya zamani nawatoa wapi?

Mwezi huu tena nusu ya barua ni za mapenzi. Jamani jina la safu lisiwachanganye, mimi ni shangazi wa kompyuta, mume asiporudi usiku sina programu ya kumtafuta. Ila kuna barua moja ya Mtwara mjini imenikaa kichwani, nimeitanguliza, na hizo nyingine nimezichagua kwa sababu zinazunguka palepale.

Shangazi shikamoo. Mimi ni fundi kompyuta hapa Chikongola, nina kijiduka cha steshenari na fotokopi. Mashine zangu nne ni za kizamani, ram jibi 2, zote nimezipiga Linux (mfumo unaokaa mahali pa Windows) yenye desktopu, yani sura ya menyu na madirisha, ya MATE maana ndo inayokwenda bila kugoma na wateja wanaielewa, menyu juu, madirisha chini, basi. Mwaka jana nikaanza kuwasaidia jamaa wanaoitengeneza, natuma ripoti za hitilafu na tafsiri kidogo. Nimegundua watu wenyewe ni wachache mno, unaripoti kitu kinakaa miezi. Nikasema nitafute vijana wa huku wajitolee, nikaweka tangazo kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, "Wanahitajika madevelopa wa kujitolea kuokoa desktopu". Wamejibu watu 11, tisa wameuliza mshahara, mmoja kauliza kama ni zile za kuwekeza hela mtandaoni, mmoja alikuja kweli akakaa siku mbili akapotea. Nakosea wapi?
*Fundi wa Chikongola*

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Ngoja kwanza niwaweke sawa wasomaji wengine. MATE inatamkwa ma-te, ni jina la yale majani wanayokunywa kule Amerika ya Kusini, na ilianza 2011. Mwaka huo mwezi wa nne GNOME, desktopu nyingine ya Linux, walitoa toleo la 3 wakageuza kila kitu, menyu ya zamani hamna, kitufe cha kushusha dirisha hamna, watu wakachanganyikiwa. Jamaa mmoja wa Argentina anayejiita Perberos akaichukua ile GNOME 2 iliyokuwa inaachwa akasema mimi naendelea nayo. Ili zisigombane kwenye mashine moja ikabidi programu zibadilishwe majina, ndo maana ya kufungulia mafaili inaitwa Caja, sanduku kwa Kihispania, na ya kuandikia ni Pluma, yani kalamu.

Uchache wa watu unauona kwenye tarehe tu, wala huna haja ya kuhesabu vichwa. Toleo la MATE 1.20 lilitoka Februari 2018, 1.22 Machi 2019, 1.24 Februari 2020, hapo ni kama mwaka mmoja mmoja. Halafu 1.26 ikaja Agosti 2021, mwaka na nusu, na 1.28 ikaja Februari 2024, miaka miwili na nusu. Mwenye duka anayejua kusoma daftari la madeni hapo keshaelewa.

Na kazi haipungui. Huko kwenu mnajua mkorosho mzee haung'olewi hivihivi, unakatwa juu unabebeshwa kikonyo kipya, watafiti wa korosho wa Naliendele wameshawafundisha wakulima miaka na miaka. MATE ndo ilivyo, shina la GNOME 2 limebebeshwa GTK 3 (vifaa vipya vya kuchorea vitufe na menyu), na kubebesha huko kulikamilika toleo la 1.18 mwaka 2017, miaka sita tangu waanze. Kabla hawajapumua ikaja nyingine, ule mfumo wa kuchora madirisha unaoitwa X11, wa tangu 1987, unawekwa pembeni watu wanahamia mfumo mpya, Wayland. GNOME 49 ya Septemba 2025 wameshaizima X11 kwenye mpangilio wa kawaida. MATE kwenye Wayland wameshaanza ila hawajafika, na hiyo sio kazi ya mtu mmoja na kikombe cha chai.

Sasa tangazo lako. Lina makosa mawili na yote umeyaweka kwenye sentensi moja. Neno developa, yani mwandika programu, linawafukuza wote ambao wangekufaa, na neno kuokoa linamtisha hata huyo mmoja anayejua, maana mtu akisikia kuokoa anajua chombo kinazama, nani apande chombo kinachozama tena bila posho? Tena hujasema kazi yenyewe ni ipi. Mtu akisema sawa nimekubali, Jumatatu asubuhi anafanya nini? Haijulikani.

Kaa chini uandike kazi ndogo ndogo zinazoisha jioni moja. Mfano, fungua Atril (ndo ya kusomea PDF), weka faili la kurasa 200, zungusha ukurasa wa kumi halafu print, unatoka umezunguka au umenyooka? Au chukua ripoti za hitilafu za 2019 ambazo mpaka leo hazijafungwa, jaribu moja moja kwenye 1.28 uone kama bado inatokea, andika inatokea au haitokei na mashine yako ni aina gani. Hiyo ya pili watu wanaidharau lakini mtunzaji aliyechoka ukimpunguzia ripoti 30 zilizokufa zamani umempa wiki nzima ya kufanya kazi ya maana.

Na watu usiwatafute mbali. Unao hapo dukani. Yule dada anayekuja kuprinti na kila siku analalamika herufi zinakatika pembeni, huyo ndo wa kwanza, maana anaitumia na inamuuma. Anayekwenda kujitolea kwa kitu asichokitumia hakai, huyo wako wa siku mbili namuotea alikuwa anatumia kitu kingine kabisa nyumbani kwake. Halafu (usinitukane) nahisi siku ya kwanza ulimwambia ashushe msimbo wote (maandishi ya programu yenyewe) na historia yake yote, bando lake likaishia hapo. Mfundishe kuandika `git clone --depth 1`, inashusha hali ya leo tu bila historia, na aanze na kipande kimoja kidogo kama kikokotoo, asijenge desktopu nzima.

Kubwa kuliko yote, mjibu. Wewe mwenyewe umeniandikia hapa unalalamika unaripoti kitu kinakaa miezi, je mgeni? Akituma kitu jioni, kesho asubuhi awe ameona hata mstari mmoja, "nimeiona, Jumamosi tunaijaribu wote". Hujui jibu la kiufundi, sio neno, anachotaka kujua ni kama kuna mtu upande wa pili.

Wale tisa wa mshahara usiwachukie, wameuliza swali la halali. Waambie wazi hakuna. Kinachopatikana ni kazi yenye jina lako inayoonekana hadharani, hata mwajiri wa Dar anaweza kuifungua akaisoma. Kuna mpango wa Google Summer of Code upo tangu 2005, unalipa posho, na tangu 2022 sio lazima uwe mwanafunzi, ila mradi wenyewe lazima uwe umechaguliwa mwaka huo, kwahiyo usiutumie kama chambo. Na tafadhali usiite watu mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, Mtwara yote iko kwenye korosho na minada, utakaa peke yako na viti vyako.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa TEHAMA huku Newala. Programu siwezi kuandika hata mstari. Kweli kuna cha kusaidia au nitakuwa napiga soga tu?
*Mwalimu wa Newala*

Mwalimu, kwa Kiswahili wewe ndo unatafutwa kuliko huyo anayejua kuandika programu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa KiLinux walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na kabla ya kutafsiri menyu hata moja ilibidi wakae wakubaliane maneno, file tuiiteje, folder tuiiteje. Ugomvi huo mpaka leo haujaisha. Kabrasha ni neno zuri, mimi nalipenda, lakini waulize wanafunzi wako 40 folda inaitwaje uone wangapi watasema kabrasha. Sasa mtafsiri anayekaa peke yake ataweka kabrasha kwenye menyu, faili kwenye kitufe na jalada kwenye ujumbe wa erori, mtumiaji anadhani ni vitu vitatu tofauti. Hapo ndo mwalimu anapohitajika, wa kusema neno moja, tunalitumia kila mahali, tumemaliza.

MATE na Xfce, desktopu nyingine nyepesi, zote wanatafsiria kwenye tovuti ya Transifex, unafungua akaunti, unaomba kujiunga na lugha, unatafsiri kwenye kivinjari, huhitaji kujenga chochote. Anza na maneno yanayoonekana kila siku, menyu kuu na vitufe vya hifadhi, futa, nakili, bandika. Yale ya mipangilio ya ndani ambayo mtu anayafungua mara moja kwa mwaka yaache mwisho. Na nakuomba usichukue tafsiri ya mashine ukaimwaga yote kama ilivyo, nimewahi kuona kitufe cha kufunga dirisha kimetafsiriwa "karibu", eti kwa sababu Kiingereza ni close. Mteja anakikwepa anadhani anakaribishwa.

Kingine, darasa lako lenyewe ni maabara. Wape wanafunzi wageni mashine, waambie badilisheni picha ya nyuma bila msaada, wewe kaa kimya uandike wamebonyeza wapi kwanza. Karatasi hiyo ipigie picha, iandike vizuri, itume. Watengenezaji wengi hawajawahi kumuona mtumiaji wa mara ya kwanza kwa macho yao.

Mambo Shangazi. Mimi na washkaji hapa Lindi mjini tumepata mtu wa kutupa hela kidogo, tunataka kuchapisha fulana kwa kila atakayechangia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Wazo si zuri?
*Kijana wa Lindi*

Poa. Fulana nazipenda, ila soma kwanza yaliyowakuta wenzenu. Hacktoberfest, shindano la kila Oktoba la kuchangia programu huria, mwaka 2020 walikuwa wanatoa fulana kwa anayetuma mabadiliko manne kwenye miradi ya huria, watu wakaanza kuongeza neno moja la kusifia kwenye maelezo, wanatuma, wanasubiri fulana. Watunzaji wakamiminiwa takataka mpaka mwezi huohuo sheria ikabadilishwa, mradi wenyewe useme kwanza kama unataka kushiriki. Na sisi fulana tunaijua bana, msimu wa kampeni mtu anazo za vyama vyote.

Hela hiyo nunueni bando na chakula cha mchana, muwe mnakutana Jumamosi moja kwa mwezi sehemu yenye umeme wa uhakika. Fulana mpeni aliyefika mara ya nne.

Shangazi shikamoo. Mnahimiza watu wasiojulikana waingie. Vipi akiingia mwizi?
*Msomaji, Masasi*

Marahaba. Swali lako limenikosesha usingizi kabla hujaniuliza, tangu Machi 2024. Kuna programu ndogo inaitwa xz, ya kubana mafaili, iko karibu kila Linux, na ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, amechoka na alishasema amechoka. Akatokea mtu anajiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, anasaidia miaka kama miwili hivi, na pembeni yake majina mengine yanamsukuma yule mzee wa mradi, mbona uko polepole, mpe mwenzio madaraka. Akapewa. Akaweka mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, na hakuwa anatafuta mwizi, aliona tu kuingia kwenye mashine kwa ssh, njia ya kuingia ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde akataka kujua kwanini.

Sasa ona, mwizi hakuingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi kwa wengi, aliingia kwa sababu mwenye nyumba alikuwa peke yake na amechoka. Wangekuwa watano wanaokaguana ingekuwa ngumu. Kwahiyo fundi wa Chikongola na wengine, kumkaribisha mtu atafsiri na apime hitilafu sio kumpa funguo. Funguo za kutoa toleo zibaki kwa wachache, mabadiliko yoyote yasomwe na mtu wa pili, na mtu akiharakisha sana apewe madaraka, kwa upole wote mpe kazi nyingine ndogo.

Mwanangu, hii yote ya nini, si mnunue kompyuta mpya? Mimi hapa Kilwa Masoko ninayo laptopu ya tangu wajukuu hawajazaliwa, wameniambia nitupe.
*Mzee wa Kilwa*

Shikamoo mzee wangu. Usitupe. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka ram jibi 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za zamani hazina, kwahiyo zipo nyingi nzima kabisa zinaitwa mbovu. Hizo ndo MATE na Xfce zinazibeba, na wale wa Trinity wanaendeleza desktopu ya KDE 3.5 ya mwaka 2005 mpaka leo, kama unapenda sura ya zamani kweli kweli.

Ila kuna kitu uangalie kwanza. Mwambie mjukuu aiwashe kwa flashi yenye Linux ya 32-bit, hiyo inawaka kwenye mashine nyingi za aina hii, afungue tamino (dirisha la kuandikia amri) aandike `lscpu`, asome mstari wa CPU op-mode. Akiona 64-bit humo, basi Debian 13, aina mojawapo ya Linux, inaingia. Akiona 32 peke yake, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo, amtafute fundi amwekee Debian 12, na chaja asiisahau maana betri ya umri huo naijua.