Bosi anaamuru kwa simu, hasara inakuwa yangu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni stoo kipa wa duka la tailizi hapa Dar, mwaka wa tatu huu. Bosi wangu anatuangalia kwa kamera akiwa kwake Mbezi, ukikaa dakika mbili simu inaita "mbona umekaa?", hata selotepu huifungui bila ruhusa yake, yani hamna kitu unaamua mwenyewe. Sasa mwezi jana akanipigia akasema fulani anakuja mpe boksi 60 mali kauli, yani achukue sasa alipe baadaye, nikatoa. Jamaa kapotea hapokei simu. Bosi kanigeuka mbele ya wenzangu, eti "nani alikuambia utoe?" Na meseji zake huwa anafuta kwa wote. Anataka anikate milioni 1.8 na mshahara wangu ni laki nne na nusu, kaniletea karatasi nisaini kwamba nadaiwa. Niache kazi tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi usisaini, hilo kwanza, mengine yote yanasubiri. Mie nimekaa kaunta miaka kumi na moja kabla sijaanza kujibu barua zenu na mabosi wa hivi nawajua, ye ndo anashika kila kitu mpaka selotepu lakini mzigo ukipotea ghafla stoo ni ya kwako peke yako. Ukisaini umemmalizia kazi, maana alikuwa hana maandishi na sasa unampa wewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu akukate hivihivi. Kama anasema ni hasara lazima iwe ilitokana na kosa lako, akuandikie chanzo chake, kiasi gani na kakipataje, akupe nafasi ya kubisha, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya laki nne na nusu ni 112,500, kwahiyo hata ungekuwa na kosa kweli ingemchukua miezi 16, sio akufagilie mshahara mzima mwezi huu. Mjibu kwa maandishi, kwa adabu tu, kwamba ulitoa mzigo kwa maelekezo yake ya tarehe fulani saa fulani, na nakala ubaki nayo. Rekodi za simu zilizoingia siku ile piga picha leo leo.

Kuanzia sasa akikupigia toa mzigo, we sema sawa bosi, halafu kabla boksi la kwanza halijapanda kwenye kirikuu unamtumia meseji: "Bosi kama ulivyosema saa nane, nampa fulani boksi 60 mali kauli, analipa Ijumaa." Ye afute zake, yako inabaki kwako. Na mteja asaini delivari, ile karatasi ya kupokea mzigo, andika hapohapo nani karuhusu. Atanuna siku za mwanzo (huyo atanuna sana) ila usimwambie unajilinda, mwambie unaweka hesabu vizuri asije akaibiwa, hapo hata ye hana cha kupinga.

Kuacha kazi kwa hasira hapana. Sheria inatambua mtu aliyelazimika kuacha kwasababu mwajiri kafanya kazi isivumilike, lakini kuthibitisha ni wewe na bila maandishi utahangaika. Akikukata kwa nguvu nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, una siku 60, na akikufukuza ni siku 30 tu, usikae nyumbani unasubiri aje akuombe msamaha.

Halafu huyo jamaa wa boksi 60, kabla hajaja hakukutumia hata meseji moja ya "bosi kasema nipitie mzigo"? Itafute usiku huu huu, na kama ipo usiseme kwa mtu pale dukani.