Maswali ya Wasomaji: Bushi na Boljointi za Mercedes-Benz ya Zamani

SWALI: Bwana Fundi, salaam. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma, na ninamiliki Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1983, ya umbo la W126, niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Siku hizi nikipita kwenye matuta ya Kibaigwa na Gairo, mbele kunagonga. Usukani unacheza kidogo kabla ya magurudumu kuitikia. Na tairi la mbele kushoto linalika upande wa ndani tu. Mwaka jana gereji moja ilinibadilishia bushi za ami za chini, yaani ile mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu ya mbele, lakini hazikumaliza mwaka kabla ya kupasuka. Nina spana za kutosha, jeki mbili na uwanja mpana nyumbani, na breki huwa ninabadilisha mwenyewe. Je, kazi hii ninaiweza, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya kazi hiyo unaiweza. Iko sehemu moja tu, ya springi za mbele, ambayo ninakuomba usiiguse bila kifaa chake, na nitaifikia baadaye. Tuanze na zile bushi zilizopasuka kabla ya mwaka, kwa kuwa hapo ndipo wenye magari haya wanapopoteza fedha nyingi na kuishia kuilaumu spea.

Bushi ya ami ni bomba dogo la chuma lililoshikamanishwa na mpira unaolizunguka. Haizunguki kama beringi. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani hubanwa likawa kitu kimoja na bodi, na kila ami inapopanda au kushuka ni mpira wenyewe unaojisokota na kujirudisha. Fundi akiikaza bolti hiyo gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yananing'inia, mpira utakuwa umefungwa katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, ami hupanda, na mpira hubaki umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa kivulini. Tuta la kwanza huuongezea msokoto juu ya msokoto uliokuwapo, na baada ya miezi michache mpira huchanika. Kwa maelezo yako, ninaamini hilo ndilo lililokupata.

Kwa hiyo, unapofunga bushi mpya, vuta bolti zishike tu, shusha gari, likandamize mbele mara kadhaa ili likae katika kimo chake, kisha ndipo ukaze kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari hilo. Ukikosa nafasi ya kuingia chini, yapandishe magurudumu yote manne juu ya mbao pana na nene zenye kimo sawa. Kabla ya kulegeza bolti za ndani za ami ya chini, weka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti na kwenye bodi, kwa maana bolti hizo ndizo zinazorekebisha mlalo wa gurudumu. Ukizirudisha kiholela, tairi litaendelea kulika hata kama kila kitu ni kipya.

Jambo jingine linaloua bushi hapa kwetu ni ile desturi ya kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari baada ya kuliosha, eti chuma kisipate kutu. Mpira wa asili huvimba na kulainika ukilowa mafuta ya namna hiyo, na Dodoma, ambako mvua ni chache, sioni sababu ya kuuharibu mpira kwa kuikimbia kutu isiyo na nguvu. Osha kwa maji na sabuni, basi.

Sasa uchunguzi, ambao haugharimu chochote. Pandisha gurudumu la mbele kwa kuweka jeki chini ya ami ya chini, si chini ya bodi, kwa sababu katika gari lako springi inaikandamiza ami hiyo, na usipouondoa mzigo wake, boljointi ya chini (kiungo cha kichwa cha mviringo kinachounganisha ami na gurudumu) huonekana nzima ilhali imekwisha. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki kwa nguvu: mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi ya gurudumu, ambayo katika gari hili hurekebishwa kwa nati yake, na huenda usihitaji kununua kitu; mchezo ukibaki, ni boljointi. Kisha shika gurudumu kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo mara nyingi hutoka kwenye tairodi, yaani fimbo inayosukuma gurudumu likate kona, au kwenye bushi ya ile ami ndogo inayoshikilia fimbo za usukani upande wa pili wa sanduku la usukani. Mafundi wengi huisahau bushi hiyo, wakakimbilia kukaza skrubu ya sanduku lenyewe, nami ninalipinga jambo hilo kwa nguvu zote, kwani sanduku likikazwa kupita kiasi huwa gumu na kujisaga lenyewe.

Nakushauri uanzie hapo kwenye usukani. Bushi hiyo, tairodi na shokapu ndogo ya usukani ni kazi za uwanjani. Pima urefu wa tairodi ya zamani kutoka kitovu cha kichwa kimoja hadi kingine, na uifunge mpya kwa urefu huohuo. Tumia kifaa cha kuchomolea tairodi. Nyundo huharibu nyuzi na kuchana mpira wa kukinga vumbi, na mpira huo ukishachanika, vumbi letu la Agosti huingia na kugeuza grisi kuwa msasa. Nati zinazojifunga zenyewe usizirudie, nunua mpya. Shokapu nazo unaziweza, lakini ziwe za pande zote mbili, na ami ya chini iwe imeegemezwa kwa jeki kabla ya kuzifungua.

Springi ni jambo jingine kabisa. Ili kutoa ami ya chini ni lazima springi ibanwe kwanza, na springi ya gari zito namna hii ikifyatuka inaweza kuua. Magari haya yanahitaji kibanio cha sahani mbili kinachopita katikati ya springi. Vile vya ndoano za nje havina nafasi ya kukaa sawasawa na huteleza. Boljointi ya chini nayo imeshindiliwa kwa presi. Mtafute fundi mwenye vifaa hivyo viwili, umpelekee gari, na usimame naye mpaka uone bolti zinakazwa magurudumu yakiwa chini.

Kuhusu uwanja wako: udongo wetu wa kichanga huonekana mgumu, lakini stendi za kuegemezea gari huzama polepole. Fanyia kazi juu ya zege, au weka bamba la chuma chini ya kila stendi. Tofali, liwe la kuchoma au la saruji, lisibebe gari hata kwa dakika moja. Hupasuka bila kutoa dalili.

Ukiagiza spea kutoka Kariakoo, uliza za Lemförder, chapa ya Ujerumani inayojulikana kwa boljointi na tairodi, na uukague mpira kabla ya kulipa: ukiukunja ukaona nyufa ndogondogo, umezeeka stoo. Kazi ikikamilika, peleka gari kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu, siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi niko Manyoni, nina Mercedes-Benz 230 TE, steshenwegoni ya W123. Nyuma imekuwa ngumu na inarukaruka. Nibadilishe shokapu za kawaida?

JIBU: La, ndugu yangu. Steshenwegoni za W123 zilitoka kiwandani na mfumo wa kusawazisha kimo cha nyuma kwa oili, wenye pampu inayoendeshwa na injini. Pamoja na zile unazoziona kama shokapu kuna matufe mawili yenye gesi ya naitrojeni, na gesi hiyo ikishatoka, nyuma hukakamaa na kuruka kama unavyoeleza. Kagua kwanza kiwango cha oili kwenye chombo chake ndani ya boneti, ukitumia oili ya mfumo huo tu. Kikiwa sawa, badilisha matufe yote mawili. Mabomba yasifunguliwe kabla shinikizo halijaondolewa.