Maswali ya Wasomaji: Koma ya Kiingereza inakaa wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Tukuyu, nafanya kazi kwa wanunuzi wa parachichi na ndo naandika imeili za Kiingereza kwa wateja wa nje. Bosi kila siku ananirudishia, leo kaongeza koma kesho kafuta, nikimuuliza anasema weka pale unapopumua. Juzi kaweka koma kwenye "Because the road was muddy, the lorry was late", nikaona sawa, jana nikaandika "The lorry was late, because the road was muddy", akaifuta! Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Bosi wako anasahihisha vizuri ila maelezo yake ndo yanakupoteza, mambo ya kupumua achana nayo. Angalia kishazi tegemezi, kile kisichojitosheleza, kinachoanza na because, when, if, while, after na wenzao. Kikitangulia, weka koma pale kinapoishia. Kikija nyuma, mara nyingi huweki, maana hiyo "because" yenyewe imeshamwonyesha msomaji mpaka uko wapi. Kikitangulia hana cha kumwonyesha, cheki hii: "While my mother was cooking the baby started crying." Ukiisoma fasta mama anampika mtoto! Mpaka ufike "started" ndo unashtuka unarudi nyuma, sasa weka koma baada ya "cooking" uone mtoto anavyopona.

Although ina ukorofi wake, hata ikija nyuma wengi wanaiachia koma: "The lorry arrived, although the road was muddy." Ila usiandike "Although, the road was muddy", koma haigandi kwenye although, inasubiri kishazi kiishe. Na ukishaweka although usilete tena "but" huko mbele, hiyo ni ingawa-lakini yetu tunaihamishia kwa watu.

Halafu huko kupumua ndo kunazaa hii naiona sana kwenye barua za maofisini: "The avocados you ordered on Monday, are ready." Hapo mtu kachoka njiani akaweka koma, katenganisha kiima, yaani hayo maparachichi yanayozungumziwa, na kitenzi chake. Itoe, hata sentensi iwe ndefu kama foleni ya malori Tunduma.

SWALI: Habari ya kazi, mimi wa Mafinga. Je "In 2023 we planted pines" inataka koma?

JIBU: Njema. Fungu fupi la mwanzo kama hilo ni hiari yako, ila ukichagua moja baki nalo barua nzima. Likirefuka weka tu: "At the end of the long rainy season in Mufindi, we planted pines." Na kama baada ya mwaka inafuata namba nyingine, hapo hiari imeisha, maana "In 2023 40 lorries came" nani ataisoma mara moja akaelewa, andika "In 2023, 40 lorries came".